Mguu wa kushoto wa Dave Mackay

Picha iliingia kwenye grupu letu la mpira usiku, ule muda ambao watu wameshakula na kazi iliyobaki ni kubishana tu. Jioni hiyo beki mmoja wa ligi yetu alikuwa ameguswa bega, akajiviringisha majanini mpaka machela ikaletwa, kisha akainuka na kukimbia kama hajawahi kuumwa maishani. Jamaa mmoja hakusema neno kuhusu tukio hilo. Alituma picha, na chini yake akaandika: "Hawa ndio walikuwa mabeki. Siyo hawa wenu wa kupaka losheni."

Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Mtu akajibu, "Huyo mzee ukimpiga chenga, machela unaihitaji kweli." Mwingine akataka asajiliwe dirisha dogo.

Picha ni nyeusi na nyeupe. Mwanamume mwenye kifua kipana, taya limekaza, amemkwida mwenzake jezi kifuani na kumvuta juu. Anayekwidwa ametanua mikono, viganja wazi, na uso wake unauliza mimi nimefanya nini sasa. Nyuma yao refa anakuja mbio.

Niliikuza kwa vidole viwili, nikaitazama, nikazima simu nikalala.

Haikuniacha.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiifungua tena na tena, kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, kitandani, huku nikisoma kila ninachokipata kuhusu huyo aliyekwida. Anaitwa Dave Mackay, Mskoti wa Edinburgh, aliyezaliwa Novemba 1934. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoanza kushuku kwamba pale kwenye grupu sote tulikuwa tunamtazama mtu asiyekuwepo kwenye picha.

## Jumamosi ya Agosti

Ni tarehe 20 Agosti 1966, siku ya kwanza ya msimu, uwanja wa White Hart Lane. England ina wiki tatu tu tangu itwae Kombe la Dunia. Tottenham, ambao pia huitwa Spurs, wanawakaribisha Leeds, na watawafunga 3–1, matokeo ambayo leo hakuna anayeyakumbuka, kwa sababu siku hiyo pembeni mwa uwanja alikuwepo Monte Fresco, mpiga picha wa gazeti la Daily Mirror, na alibonyeza kitufe kwa wakati wake.

Anayekwidwa ni Billy Bremner wa Leeds, Mskoti mwenzake. Anayekimbia na filimbi ni Norman Burtenshaw. Hakuna kadi mfukoni mwa refa huyo, maana kadi za njano na nyekundu zilikuwa hazijaanza. Zilikuja kuonekana kwenye Kombe la Dunia la 1970.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kimo. Ukiiangalia picha ile utaapa Mackay ni pande la mtu, wale wa kuinama mlangoni. Kumbe alikuwa na sentimita 173 hivi. Mpange kwenye foleni ya mwendokasi hutamwona. Ukubwa wake pale umetengenezwa na ufupi wa Bremner, ambaye ni mdogo zaidi yake, na pembe aliyosimama mpiga picha.

Cha pili ni kwamba Mackay mwenyewe aliichukia picha hiyo. Alisema inamwonyesha kama mwonevu, na mwonevu hakuwa. Lakini ndiyo hiyo watu walimletea aitie sahihi mpaka uzeeni, na nakala zenye jina lake zinauzwa mpaka leo. Alipofariki Machi 2015, akiwa na miaka 80, magazeti yaliitoa tena. Mtu amecheza zaidi ya mechi 300 za Spurs, ametwaa ubingwa wa Uskoti na wa England, halafu anazikwa na sekunde moja.

Sababu ya hasira ile aliieleza mara nyingi, na kila mara ilikuwa ni ile ile. Bremner alimpiga teke la mguu. Angempiga mguu wa kulia, alisema, angevumilia, mpira ndivyo ulivyo. Lakini alimpiga ule uliowahi kuvunjika mara mbili, ambao ndio kwanza ulikuwa umemrudisha uwanjani. Siku ile, akasema, angeweza kumuua.

Hapo ndipo niliponasa mimi.

Kwa sababu hesabu haikubali. Mguu ulivunjika mara ya pili Septemba 1964. Alirudi uwanjani mwanzoni mwa msimu wa 1965–66 na akacheza karibu msimu mzima. Maana yake siku Fresco anabonyeza kitufe, mguu ule ulikuwa umeshafanya kazi mwaka mzima, umeshapigwa mateke na kila timu ya daraja la kwanza, na umeshathibitisha kwamba unaweza. Daktari yeyote angesema mfupa umeunga. Kwa nini basi mtu huyu anaongea kana kwamba alitoka hospitali juzi?

Jibu langu ni hili, na mtu anipinge akitaka: pale kwenye picha mwenye hofu ni Mackay. Bremner anaonekana ameshtuka, lakini mshtuko wake ni wa mtu anayejua ataachiwa baada ya dakika moja. Yule mwingine ndiye aliyesikia kitu kikigusa muundi wake wa kushoto, na kwa nusu sekunde akarudi mahali ambapo hakutaka kurudi.

## Old Trafford, Desemba 1963

Mahali penyewe ni hapa.

Tarehe 10 Desemba 1963, Kombe la Washindi barani Ulaya. Spurs ndio mabingwa watetezi. Walilitwaa Mei mwaka huo kule Rotterdam kwa kuwafunga Atlético Madrid 5–1, na Mackay hakucheza fainali hiyo kwa kuumwa tumbo. Alikuwa na kila sababu ya kulitaka tena. Mechi ya kwanza nyumbani dhidi ya Manchester United wameshinda 2–0. Sasa ni marudiano, nyumbani kwa United.

Mapema tu kipindi cha kwanza mpira unabaki katikati, si wa huyu si wa yule. Mackay anauendea. Noel Cantwell, Mwairlandi wa United, naye anauendea. Walioshuhudia wamesimulia sauti ya mfupa. Sitaieleza zaidi ya hapo.

Mackay anatolewa kwa machela, na Spurs wanabaki kumi mpaka mwisho, kwani mchezaji wa akiba hakuwepo. Ligi ya England iliruhusu akiba mmoja kuanzia 1965, tena awali kwa aliyeumia tu. Wanafungwa 4–1 na kutolewa kwa jumla ya mabao 4–3.

Miezi iliyofuata sijui niiandikeje bila kuonekana natafuta machozi. Danny Blanchflower, nahodha na ubongo wa timu ile, alistaafu 1964. Julai mwaka huo John White, Mskoti mwenzao, kiungo mwembamba aliyekuwa akitokea mahali ambapo hakuna aliyemtarajia, alijikinga mvua chini ya mti kwenye uwanja wa gofu Enfield akapigwa na radi. Alikuwa na miaka 27. Timu iliyotwaa ligi na Kombe la FA kwa mpigo mwaka 1961 ilikuwa inayeyuka, na Mackay yuko pembeni anajifunza kutembea upya.

Septemba 1964 akajaribu kurudi, kwenye mechi ya timu ya pili dhidi ya Shrewsbury. Mechi ya akiba, hakuna kombe.

Mguu ule ule ukavunjika tena.

Mguu unapovunjika mbele ya umati Old Trafford, ukiwa unapigania kitu, angalau kuna hadithi ya kuhadithia. Ukivunjika kwenye mechi ya akiba, miezi tisa baadaye, ukiwa unakaribia kutimiza miaka 30, pale hakuna cha kuhadithia. Ni wewe na P.O.P. yako. Enzi zile mvunjiko mmoja ulitosha kumrudisha mchezaji mtaani kufungua baa au duka la magazeti. Miwili kwenye mguu mmoja ilikuwa kama barua ya kuachishwa kazi.

Alirudi Agosti 1965. Akapewa unahodha. Mei 1967 akaongoza Spurs Wembley dhidi ya Chelsea, fainali ya kwanza ya karne ile kati ya timu mbili za London, wakashinda 2–1, akapanda ngazi kuchukua kombe. Kati ya kurudi na kombe ndipo picha ya Bremner ilipopigwa. Yaani ilipigwa katikati ya kipindi ambacho kila Jumamosi mtu huyu alikuwa anauweka rehani mguu ambao umeshamsaliti mara mbili.

Sasa mtu aje aniambie kwamba ugumu wake ulikuwa kwenye ngumi.

## Alivyocheza

Wenzangu kwenye grupu walimwita beki, na mwisho wa maisha yake ya uwanjani ndicho alichokuwa. Lakini kwa sehemu kubwa alivaa namba sita, na mtu yeyote aliyecheza mpira wa mtaani hapa kwetu anajua kazi ya namba sita: kukaba, kunyang'anya, kuanzisha. Tofauti ni kwamba wao walicheza wakiwa na mabeki watatu tu nyuma, kwa hiyo namba sita alikuwa nusu beki nusu kiungo, akishuka kuzima moto na kupanda kufunga. Mackay aliifungia Spurs mabao zaidi ya 50. Namba sita wa kwetu akifunga matano kwa msimu tunamtungia nyimbo.

Alianzia Hearts, timu ya mji wake. Msimu wa 1957–58, akiwa nahodha, Hearts walitwaa ubingwa wa Uskoti kwa mabao 132 katika mechi 34. Nimeirudia takwimu hiyo mara mbili kuhakikisha sijakosea kusoma. Wakafungwa 29 tu.

Machi 1959 Bill Nicholson, kocha wa Spurs, alimnunua kwa pauni 32,000, na hata hapo hakuwa chaguo la kwanza. Nicholson alimtaka Mel Charles wa Swansea. Charles akaenda zake Arsenal, na Spurs wakaridhika na yule wa Edinburgh. Klabu nyingi zimejengwa na mchezaji wa pili kwenye orodha.

Kuna simulizi moja ya wenzake wa Spurs ambayo naipenda kuliko picha yoyote. Timu ikitoka vyumbani, Mackay alikuwa anaupiga mpira juu kabisa, ukapotea kwenye mwanga, kisha anausubiri ushuke na kuuzima kwa mguu ukatulia kimya kana kwamba haukuwahi kuondoka. Wapinzani wanatazama. Ndivyo alivyowatisha. Hakumkunjia mtu sura, hakumsukuma mtu. Aliwaonyesha tu kwamba mpira unamtii.

Na mazoezini hakuwa na huruma, kwanza kwa nafsi yake. Spurs walikuwa na ukumbi mdogo wa mazoezi pale White Hart Lane, mpira unagonga ukuta na kurudi, hakuna nje, hakuna pumzi. Wenzake wanasema mechi za humo zilikuwa kali kuliko za Jumamosi, na mkali wao alikuwa yeye. Jimmy Greaves, aliyecheza na mafundi wengi, alimweka juu ya wote. George Best, winga wa Manchester United, alisema hakuwahi kukutana na mtu mgumu kama yule, wala jasiri zaidi. Best alipigwa mateke na kila beki wa Uingereza, kwa hiyo alikuwa na mahali pa kulinganishia.

Ongeza mipira ya kurusha iliyofika mbele ya goli kama kona, na pasi za mguu wa kushoto, ule ule. Huyo ndiye anayepotea ukitazama mkono tu.

## Pauni 5,000

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Julai 1968 Mackay ana miaka 33 na kichwani ameshafunga hesabu na Tottenham. Amepanga kurudi Hearts kwenye benchi la ufundi. Siku moja anafika kocha kijana wa Derby County, timu iliyomaliza ya 18 daraja la pili, anamkuta White Hart Lane. Jina lake Brian Clough, na bado si yule Clough aliyekuja kuwa kocha maarufu. Mackay anamwambia hapana. Clough haondoki. Wanaongea, wanazunguka, mwishoni Mackay anataja pesa anayoitaka, wanavutana, wanakubaliana. Spurs wanalipwa pauni 5,000.

Lakini Clough alikuja na jambo lingine, na hilo ndilo lililokuwa gumu kumeza. Hatacheza tena kiungo. Atasimama nyuma kabisa, ubavuni mwa Roy McFarland, beki wa miaka 20. Hatapanda na kushuka. Kazi yake ni kusoma mchezo, kuongea, kuupokea mpira na kuupeleka kwa mwenzake bila papara. Wakati timu nyingi za daraja la pili zinabutua tu, Derby wataanza kujenga kutoka kwa mzee aliyebaki nyuma.

Fikiria unamwambia hivyo mtu ambaye sifa yake yote ni injini. Mtu aliyerudi kutoka mivunjiko miwili ili aendelee kukimbia, sasa unamwambia asikimbie.

Mimi hapo ningenuna. Nimewaona wachezaji wetu wakongwe wanaoshushwa kutoka kiungo kwenda beki ya kati wakicheza kama wameadhibiwa. Kila wakipata mpira wanauvuka mstari wa kati kwa hasira, kocha anajishika kichwa, na nyuma kunabaki shimo. Kukubali kwamba mwili umepungua kunataka ujasiri ambao haupigwi picha.

Mackay alikubali, na akaona kwamba anaijua kazi hiyo. Derby wakatwaa ubingwa wa daraja la pili msimu huo huo, pointi saba juu ya Crystal Palace, enzi za pointi mbili kwa ushindi. Mbele yake McFarland alikuwa anakua mechi kwa mechi, na baadaye akaja kuwa beki wa kati wa England. Waandishi wa soka wa England walimchagua Mackay mchezaji bora wa mwaka 1969, kwa kugawana na Tony Book wa Manchester City. Nenda katazame umri wao: wote wawili wamezaliwa 1934. Book alikuwa fundi wa kujenga kwa matofali huku akicheza soka la madaraja ya chini, akaingia ligi kubwa akiwa na zaidi ya miaka 30. Babu wawili wakagawana tuzo ambayo vijana wote wa nchi ile walikuwa wanaitolea macho.

Septemba 1969, Derby wakiwa sasa daraja la kwanza, Tottenham wakaenda kucheza Baseball Ground, uwanja wa Derby. Watu 41,826 walijazana kwenye uwanja ule mdogo wenye tope, rekodi ambayo haikuvunjwa tena. Derby walishinda 5–0. Mackay alikuwa nyuma, anatembea, ananyoosha mkono, anaelekeza.

Msimu ukaisha wakiwa wa nne.

## Ninayoyashuku

Nisimfanye mtakatifu. Mackay aliumiza watu. Aliingia miguuni kwa nguvu ambazo leo zingemtoa kabla ya mapumziko, na ukisoma simulizi za waliocheza dhidi yake utaona wengi wanacheka kwa sababu tu yamepita. Hata mwenyewe hakudai kuwa mpole. Alichokataa ni kuitwa mwonevu, kwamba anamkwida mdogo kwa kuwa ni mdogo, na sioni ushahidi wa kumbishia.

Vilevile hakushinda kila kitu. Alikuwemo Wembley Aprili 1961 Uskoti ilipofungwa na England 9–3. Alifunga moja kati ya yale matatu, sijui kama ilimsaidia kulala. Mechi zake za taifa ziliishia 22, chache mno kwa mtu wa hadhi yake.

Lakini shaka kubwa siyo juu yake, ni juu yetu. Kwa nini tunaipenda picha ile? Tunaposema mabeki wa zamani walikuwa wanaume, tunasahau kwamba ugumu wao mwingi ulitengenezwa na kanuni za kazi. Ukiumia hakuna wa kukubadili, kwa hiyo unarudi uwanjani ukichechemea na kusimama winga, uwe angalau kivuli. Mpaka Januari 1961 mshahara wa mchezaji England ulikuwa na kikomo, pauni 20 kwa wiki, hata ukiwa nani. Klabu ikishika usajili wako haikuachii mpaka itake. Mtu wa namna hiyo akicheza na maumivu, tumsifie moyo wake, sawa, lakini tukumbuke pia kwamba hakupewa mlango mwingine.

Beki wetu aliyejiviringisha ana akiba kwenye benchi na anajua refa anaweza kudanganyika. Mackay alikuwa na mguu mmoja mzuri na mmoja wa mashaka. Kila mmoja anatumia alichopewa. Hili nililiandika kwenye grupu, likapita bila kujibiwa, watu walikuwa wameshahamia kwenye mambo ya usajili.

Bado nasema yule Mskoti alikuwa mgumu kuliko karibu kila mtu niliyewahi kusoma habari zake. Ila ushahidi wangu siutoi Agosti 1966.

## Oktoba 1973

Ushahidi wangu wa mwisho hauna mpira ndani yake.

Clough na msaidizi wake Peter Taylor walikuwa wameipa Derby ubingwa wa England 1972, mwaka mmoja baada ya Mackay kuondoka. Oktoba 1973, baada ya ugomvi mrefu na viongozi wa klabu, wakajiuzulu. Mji ukawaka. Mashabiki wakaandamana, wachezaji wakataka kugoma, wote wanadai jambo moja: Clough arudishwe.

Viongozi wakampigia simu Mackay. Wakati huo alikuwa kocha wa Nottingham Forest, majirani na mahasimu. Kazi aliyopewa ilikuwa kukalia kiti ambacho kila mtu kwenye jengo anataka kikaliwe na mwingine.

Na aliyempigia kumwomba asije alikuwa McFarland. Yule yule kijana aliyesimama naye ubavuni, aliyefundishwa naye lini atoke na lini abaki. Hakumpigia kwa chuki. Alimpigia kwa niaba ya wenzake waliokuwa wanamtaka kocha wao.

Nimejaribu kujiweka kwenye simu ile nikashindwa. Ningekuwa na hasira, ningekuwa na aibu, pengine ningesema basi, nabaki Forest na amani yangu. Mackay alikwenda. Aliingia chumba ambacho nusu yake walikuwa wenzake wa zamani na hakuna aliyemtaka, matokeo ya mwanzo yakawa mabovu, na kelele za Clough arudi zikaendelea nje. Kumbuka huyu ndiye mtu ambaye picha inatuambia angetatua jambo kwa kumkunja mtu shati. Sijakuta mahali popote panaposema aliwatisha. Alingoja. Alisajili, akamleta Bruce Rioch, kisha Francis Lee kutoka Manchester City, mshambuliaji aliyedhaniwa amekwisha. Aliwaachia wachezaji wacheze mbele zaidi kuliko Clough alivyowaruhusu. Msimu huo uliovurugika ukaisha Derby wakiwa wa tatu.

Msimu uliofuata McFarland alikuwa majeruhi karibu wote, aliumia mshipa wa kisigino akiichezea England. Nafasi yake akapewa Peter Daniel, beki ambaye kwa miaka alikuwa akiitwa pale tu mwingine anapokosekana. Aprili 1975, usiku wa hafla ya klabu ya kumtuza mchezaji bora wa mwaka, na mchezaji mwenyewe akiwa ni huyo Daniel, zikaja habari kwamba Ipswich wametoka sare na Manchester City. Derby wakawa mabingwa wa England wakiwa mezani, kwa pointi 53, mbili juu ya Liverpool na Ipswich.

Mwaka uliofuata, Novemba, klabu ikamwachisha kazi. Akaenda Walsall, kisha Kuwait, alikokaa miaka tisa na Al-Arabi akikusanya mataji, na baadaye Cairo kuifundisha Zamalek, hao hao ambao Simba iliwavua ubingwa wa Afrika kwa penalti mwaka 2003.